Honda CG 125 ya zamani: anza na mafuta ya taa na fila geji

Pikipiki ya CG 125 ikianza kutoa moshi mweusi na kula petroli, wengi hukimbilia kununua kabureta. Subiri kwanza. Fungua kifuniko cha pembeni utoe sponji ya ea klina, yaani kichujio cha hewa. Huku Kilosa, kiangazi kikikolea, inatoka na rangi ileile ya barabara. Injini ikikosa hewa, hata kabureta mpya haitakusaidia.

Ioshe kwa mafuta ya taa, usitumie petroli, maana inashika moto upesi. Usiisokote, itachanika, ikamue kwa viganja. Ikikauka idondoshee oili safi ya injini, uikamue tena ibaki na unyevu tu. Oili hiyo ndiyo inayonasa vumbi. Sponji inayomong'onyoka usiirudishe.

Mimi ni bwana shamba, ufundi nimejifunzia njiani, lakini kazi ya tepeti, yaani kupima ule uwazi mdogo juu ya valvu za injini, simwachii mtu. CG inasukuma valvu zake kwa fimbo, na kemshafti yake, mhimili unaozisukuma fimbo hizo, inazungushwa na gia. Haina cheni ya taiming. Fundi akikwambia huo mlio wa juu ni taiming cheni imelegea, mshukuru, vaa helmeti uondoke.

Injini iwe baridi kabisa, kwa hiyo fanya asubuhi. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, toa plagi na vifuniko vya tepeti na magineti, weka gia ya juu, kisha zungusha tairi la nyuma kwa mkono mpaka alama ya T kwenye magineti (gurudumu la sumaku ubavuni mwa injini) ilingane na alama ya kwenye bodi. Tikisa tepeti zote mbili: zikicheza, uko mahali pake, moja ikiwa imebana, zungusha magineti duru moja kamili. Pitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia uwazi) ya milimita 0.08. Ipite kwa kukwaruza kidogo, isipwaye wala isilazimishwe. Isipokuwa hivyo, legeza nati ya tepeti uzungushe skrubu yake. Ukimaliza kukaza nati pima tena, kwa sababu nati hupenda kuburuta skrubu. Ukisita, acha ilegee kidogo kuliko kubana. Tepeti iliyolegea inapiga kelele tu. Iliyobana inaizuia valvu isifunge, na valvu isiyofunga inaungua.

Plagi uliyoitoa isugue kwa brashi, uwazi wake uwe milimita 0.6 hadi 0.7.

Sasa cheni. Vijana wanaikaza kama waya wa nguo, halafu wanapakia magunia mawili ya mahindi. Mzigo ukikaa, shokapu zinashuka na cheni inazidi kujivuta, ndipo beringi za gia boksi zinapoumia. Acha icheze sentimita 2 hadi 3 katikati, upande wa chini. Zungusha tairi ukipima sehemu kadhaa, injini ikiwa imezimwa (vidole havina spea), kisha rekebisha ukifuata sehemu iliyokaza zaidi, kwa kuwa cheni kuukuu haivutiki sawasawa. Ivute kwa nyuma kabisa ya sproketi: ukiona nusu ya jino, nunua seti nzima. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka ni hela ya kutupa.

Kebo ya klachi ikiwa nzito, ichomoe kwenye mkono, funga nailoni ya mkate juu yake iwe kama faneli, mimina oili kidogo uiache usiku kucha. Asubuhi ivute mara kadhaa, irudishe, uache mkono ucheze sentimita 1 hadi 2 kabla haujaanza kushika.

Masika yakikaribia, kata kipande cha tyubu kuukuu ukifunge kwa boliti chini ya madigadi ya mbele. Tope halitarukia injini, wala suruali.

Taa ikififia, sugua kwa msasa pale waya wa athi unaposhika fremu kabla ya kulaumu betri. Na ukienda kununua balbu, soma kwanza maandishi ya betri: CG za mwanzo zilikuwa za volti 6, za baadaye 12. Ya 6 ukiifunga kwenye 12 inaungua hapohapo.