Somo: Namna ya kuuaga mti mkongwe wa nyumbani kabla ya kuukata

Assalaam alaykum. Kila kaskazi inapokaribia kwisha na watu wakaanza kuzihofia mvua za masika, swali huja lile lile: mwembe wa babu umeoza ndani, umeinamia paa, nao umewalea watu vizazi vitatu, ukatwe vipi, usomewe nini, na je, ni dhambi kuulilia? Nimeshajibu barazani, nimeshajibu kwenye simu, na kila ninayemjibu humtuma mwenzake aje aulize upya. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza baada ya hapa nitamwambia asome. Nazungumzia mwembe kwa sababu ndio mti wa uani unaoliliwa zaidi hapa Pemba, ingawa mengi ya haya yanafaa pia kwa mfenesi na mkungu.

Hatua ya kwanza: hakikisheni kwamba mti lazima uondoke. Gongeni shina kwa mgongo wa panga mkasikilize kama ndani mna uwazi, tazameni uyoga penye mizizi, ufa kwenye panda, na udongo uliotutumka upande mmoja. Kama ni tawi moja tu linalotishia paa, kateni tawi hilo na msiendelee kusoma.

Hatua ya pili ni idhini ya wenyewe. Kwetu visiwani mti na ardhi huweza kuwa na wenyewe tofauti. Yuko mwenye kiwanja na yuko mwenye minazi au miembe iliyomo ndani yake, na nyumba aliyoijenga mjukuu pembeni haimfanyi kuwa mmiliki wa mti aliouacha babu. Ikiwa mirathi haijagawiwa, mti ni wa warithi wote, akiwemo shangazi aliyeolewa Wete na ami aliyehamia Maskati ambaye watoto wenu hawamjui kwa sura. Waulizeni kabla, wala msiwape habari ya jambo mlilokwisha kuliamua mkaiita mashauriano. Wapelekeeni picha ya uozo, waacheni waseme, na mkubaliane mapema thamani ya gogo itagawiwa vipi, kwa sababu mti ukishalala chini ndipo kila mmoja anapolikumbuka fungu lake. Mkishindwana, Mahakama ya Kadhi ipo.

Hatua ya tatu: nendeni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, kisha Idara ya Misitu, mchukue kibali. Ukataji wa miti Zanzibar unasimamiwa na Sheria Nam. 10 ya 1996, na fundi anayekwambieni kwamba kibali si lazima, mwacheni aende zake.

Hatua ya nne ni vikonyo, yaani ncha za matawi za kubebeshea, nayo naomba isomwe mara mbili. Mkitaka embe zile zile ziendelee kuliwa, kokwa pekee haiaminiki, kwani mti utokanao na kokwa mara nyingi haufanani na mama yake. Njia ya uhakika ni kubebesha, yaani kuunganisha ncha ya tawi la mti huo juu ya shina la mche mwingine, na vikonyo vya kubebesha hukatwa mti ukiwa hai na umesimama. Kwetu vilikumbukwa siku ya pili mti umeshaangushwa, majani yamesinyaa, na haukushika hata mche mmoja. Kwa hiyo pandeni kwanza miche ya kokwa, kokwa ikiwa mbichi, maana ikikauka hufa, na muisubiri hadi shina lifikie unene wa penseli. Kisha chagueni ncha za matawi yaliyokomaa, zisizo na maua wala majani malaini mekundu, mkate majani yake na kuacha vishina vya majani tu, mkaziacha mtini wiki moja hivi mpaka macho yavimbe. Hapo ndipo mnakata vipande vya urefu wa kiganja, mnavifunga katika kitambaa kibichi, na kuvibebesha siku hiyo hiyo. Onyo: mti mzee uliochoka huwa hauna ncha changa zenye nguvu, kwa hiyo kateni tawi moja zima miezi kadhaa kabla ili uchipue upya, mpate cha kuchukua. Onyo la pili: msibebeshe mche mmoja mkaridhika. Bebesheni mingi, mkampe na yule ami wa Maskati fungu lake kwa kumpandia wa kwake. Msioweza kazi hii, wataalamu wapo Kizimbani kwa Unguja na Matangatuani kwa Pemba. Haya yote yanachukua muda, nanyi mnaoniandikia leo mkisema fundi anakuja kesho, sina la kukusaidieni.

Hatua ya tano ni kuaga kwenyewe. Mimi si mufti, nami nasema niliyoyasoma na niliyofundishwa. Hakuna dua maalumu ya kuuaga mti, na anayekuuzieni moja anakudanganyeni. Lakini huzuni juu ya mti si upuuzi. Bukhari amepokea kutoka kwa Jabir bin Abdillah kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akihutubu akiegemea gogo la mtende, na alipotengenezewa mimbari gogo lile likalia kama mtoto, naye akashuka akalikumbatia mpaka likatulia, akasema kwamba lilikuwa likililia utajo wa Mwenyezi Mungu lililokuwa likiusikia. Basi fikirini mwembe ambao chini yake zimesomwa maulidi, zimehitimishwa khitma na kulishwa watu wa misiba. Qur'ani inatuambia katika Sura ya 17, aya ya 44, kwamba hakuna kitu ila kinamtakasa Mola kwa kumsifu, ila sisi hatufahamu kutakasa kwao.

Kwa hiyo waiteni jirani baada ya sala ya alasiri. Mwombeeni dua aliyeupanda, mkimtaja kwa jina lake, kwani anayeombewa ni yeye. Mshukuruni Mola kwa kivuli na matunda. Toeni sadaka ya chakula. Boko boko inatosha, si lazima pilau. Wazee wasimulie nani alizaliwa wakati mti umefikia wapi na nani alianguka kutoka tawi gani, na anayetaka kuweka mkono wake juu ya shina auweke. Watoto wataomba bembea kama za Sikukuu, wakatazeni: tawi lililooza halijui kwamba leo ni siku ya kuagana. Mpaka usiovukwa ni huu: mti hauombwi kitu, hauombwi msamaha, hauchomewi ubani, wala hauchinjiwi. Mkichinja, chinjeni kwa jina la Mwenyezi Mungu na nyama iliwe na watu.

Hatua ya sita: siku ya kukata, angalieni viota kwanza. Kama mna makinda, subirini yaruke. Abu Daud amepokea kisa cha ndege aliyepapatika baada ya makinda yake kuchukuliwa, na Mtume akaamuru arudishiwe. Matawi yashushwe kwa kamba kuanzia juu, Shirika la Umeme liarifiwe ikiwa waya zinapita karibu, na kazi ifanyike kabla ya masika, udongo ukiwa mkavu.

Hatua ya saba: msikimbilie kufanya kuni. Gogo la mwembe lililonyooka na zima ndilo wanalolitafuta mafundi wa mitumbwi na ngalawa.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Ahsante kwa somo. Sasa nikianza kukata nisome dua gani?

Jibu: Bismillahi. Mengine yako hatua ya tano.

Swali: Bibi yetu anasema mti wetu una wenyewe, yaani majini, na wametaka mbuzi mweusi na ubani kabla haujaguswa. Tukikataa na mtu akaugua, tutafanyaje?

Jibu: Mkikataa na mtu akaugua, mpelekeni hospitali kama mnavyofanya mtu akiugua siku nyingine yoyote. Bibi msimvunjie heshima wala msimcheke. Kaeni naye, msome naye Ayatul Kursiy hapo hapo chini ya mti, na mbuzi mumchinje kwa nia ya sadaka, awe mweusi au mweupe, na bibi mwenyewe naye ale nyama yake. Ila kwa nia ile aliyoitaja, hapana.

Swali: Sheikh, kuukumbatia mti si bid'a? Naona unawafungulia watu mlango.

Jibu: Mimi si sheikh, kama nilivyosema kwamba si mufti. Sikusema kwamba kuukumbatia ni ibada wala kwamba kuna thawabu maalumu. Nimesema anayetaka kuweka mkono auweke, kama unavyouweka mkono kwenye mlango wa nyumba ya marehemu mama yako. Mlango ninaoufunga ni wa kuuomba mti, na nimeufunga kwa sentensi nzima. Irudie.

Swali: Babu yangu aliupanda mwembe huu kwa mkono wake. Je, ukikatwa, thawabu yake inakatika? Hili ndilo linalonizuia, wala si kitu kingine.

Jibu: Swali zuri, na ninalishukuru. Katika Hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Jabir, hakuna Mwislamu anayepanda mti akala katika mti huo mtu, mnyama au ndege, ila huwa ni sadaka kwake mpaka Siku ya Kiyama. Kilichokwisha kuliwa, basi, kimeshaandikwa, na msumeno haukifikii. Kilichobaki kiko mikononi mwako: kikonyo ulichokitoa katika mti wake kikizaa, kunguru na watoto wa jirani watakula embe ya mti ule ule katika shina jipya. Hukumu ya thawabu hiyo mwachie Mola na uwaulize wanazuoni, lakini mimi ningekuwa wewe ningeweka nia ya kumpandia babu mche mmoja kwa jina lake, na wa pili kando ya njia ambako wapitao watakula bila ya kuomba ruhusa.

Swali: Wetu si mwembe, ni mkunazi. Nimesikia atakayeukata atatumbukizwa Motoni. Ni kweli?

Jibu: Hadithi ipo kwa Abu Daud, na yeye mwenyewe alipoulizwa aliieleza kwa kusema kwamba ni mkunazi wa jangwani, wenye kuwapa kivuli wasafiri na wanyama, mtu akaukata kwa upuuzi na dhulma. Humo humo amepokea kwamba Hisham bin Urwa aliulizwa jambo hili, naye akaionesha milango ya nyumba ya baba yake, akasema imetengenezwa kwa mikunazi aliyoikata Urwa katika ardhi yake. Kwa hiyo, ukiwa wenu na mna haja ya kweli, msiogope. Hata hivyo majani msiyatupe. Yaanikeni kivulini, myatwange, myahifadhi mahali pakavu, na mwambieni mwosha maiti wa mtaa wenu kwamba yako kwenu.

Swali: Mti wetu umejaa popo. Tuwafukuze kwa moshi kwanza?

Jibu: Msiwafukuze. Popo wa Pemba hapatikani mahali pengine duniani, na watu wa Kidike wanapokea wageni wanaokuja kumtazama yeye tu. Wakija usiku kula embe na kuondoka, endeleeni na utaratibu. Wakilala hapo mchana, simamisheni kila kitu na mzungumze na Idara ya Misitu.

Swali: Na mkarafuu uliokufa nao unahitaji kibali, au huo ni kuni tu?

Jibu: Mkarafuu una ulinzi wake. Usiuguse kabla sheha na maofisa hawajauona na kukubali kwamba umekufa.

Swali: Fundi wa ngalawa amelikataa gogo letu, anasema limeoza katikati. Bado tulifanye kuni?

Jibu: Bado. Ubavu wa gogo mara nyingi huwa mzima hata moyo ukiwa umeoza. Mwiteni seremala akate vibao vya mbuzi za kukunia nazi, kila nyumba ya warithi ipate kimoja, na shangazi wa Wete apelekewe cha kwanza. Mbao za mwembe hubunguliwa upesi zikilala chini, kwa hiyo ziinueni juu ya mawe, zikauke kivulini. Vipande vitakavyobaki ndivyo kuni, na mpikie nje, kwa sababu utomvu wa mwembe huwasha na moshi wake huwaumiza baadhi ya watu macho na ngozi.