SOMO: Kupiga picha pwani ya Jambiani, Unguja, wakati wa upepo wa kusi (someni kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila Juni ikifika inboksi yangu inajaa swali lilelile: "Nakuja Jambiani na kamera, nifanyeje?" Naandika mara moja tu.

1. Sikiliza utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa). Wakitoa tahadhari ya upepo na mawimbi, usishuke mchangani. Walioonja kimbunga Hidaya, Mei 2024, hawahitaji maelezo.

2. Vaa raba. Kandambili zitabaki kwenye tope.

3. Funika kamera. Rambo zilishapigwa marufuku, ila kofia ya kuogea ya gesti inatosha. Toboa tundu la lenzi.

4. Fika saa kumi na mbili asubuhi. Huku mashariki jua linatoka baharini, na wingu likipasuka una dakika chache tu.

5. Yajue maji. Hapa ndipo nilipoumbuka. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, unatembea hadi karibu na mwamba. Nilikwenda na stendi ya kamera kupiga picha vijiti vya kilimo cha mwani chini ya wingu jeusi. Akina mama wa mwani walipoanza kurudi nikadhani wamechoka. Nikabaki. Mvua ikashuka, pwani sikuiona tena, na nilipogeuka maji yalikuwa yamenizunguka: yalishajaa kwenye mkondo ulio nyuma yangu, maana pale ni chini kuliko fungu la mchanga nililosimama. Nilivuka maji ya kifua, begi kichwani. Kamera ilipona, lenzi moja haikupona. Sasa shikeni hili: kati ya kupwa na kujaa kwa bamvua kuna kama mita nne, na nusu yake huingia ndani ya saa mbili za katikati. Anza kurudi maji yakiwa bado yanapwa. Wenye mwani wakigeuka, geuka nao, hata kama wingu ndiyo kwanza linapendeza.

6. Spidi ya kamera iwe 1/1000 ya sekunde ukitaka wimbi ligande, nusu sekunde ukitaka litambae kama moshi. Punguza mwanga kidogo, povu lisiwe jeupe tupu.

MASWALI

– Mkuu, maji yanapwa saa ngapi?
– Namba 5.

– Nimesoma, lakini bamvua ni tarehe ngapi?
– Hapo sawa, sikusema. Tazama kalenda ya Kiislamu: 14 hadi 17, na 29 hadi 3. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50.

– Simu yangu haiingii maji, kofia ya nini?
– Ilipimwa kwa maji matamu, si ya chumvi. Simu ni yako.

– Kaka, mbona nikifuta lenzi ukungu unazidi?
– Swali zuri, dada. Ni chumvi, unaisambaza. Usifute kavu kwa kanga wala tisheti, punje zake zinakwaruza kioo. Lowesha kitambaa laini kwa maji ya kunywa, gusa kwanza ilegee, ndipo ufute. Stendi nayo isuuze jioni hiyohiyo, vinginevyo skrubu zitashika kutu.

– Wale akina mama wa mwani naruhusiwa kuwapiga picha?
– Salimia, omba. Wakikataa usiwavizie kwa lenzi ndefu.

– Nyongeza, wakuu: raba zikilowa jaza magazeti ndani, anika kivulini. Juani gundi inaachia.
– Hiyo sikuijua. Zangu mbili zimeshakwenda.