Stresi za mama mwenye biashara: mi navyozipunguza nikiwa hapahapa Dodoma

Mbukwenyi wamama! Naandika nimekaa juu ya ndoo jikoni nasubiri unga wa maandazi uumuke, maana ndo muda pekee ninaoupata, af huyu mdogo kashaanza kuvuta kitambaa cha meza kwahiyo nikikatisha mjue kuna kitu kimevunjika.

Mi nafanya vitafunwa vya oda, sambusa, chapati, maandazi, napeleka maofisini na kwenye vikao. Naishi Nkuhungu, watoto wawili, mmoja darasa la tatu na huyu wa mwaka na nusu, baba yao ni mtu wa safari. Mwaka jana mwezi wa sita nilikuwa na oda ya sambusa 150 zifike mjini saa nne asubuhi, saa kumi na moja alfajiri gesi ikakata, dada wa kazi kumbe kaondoka usiku bila kuaga, mdogo ana homa, na simu inaita tu, mtu wa marejesho. Nikakaa chini nikalia. Mkubwa akaja na soksi mguu mmoja akauliza mama vipi, nikamwambia ni vitunguu tu mwanangu. Akaangalia mezani, akasema mbona hujavimenya.

Tangu siku hiyo nikaanza kutafuta namna. Na sio zile za jipe muda wako mwenyewe, nenda spa, sasa mi nikienda spa nani anakaanga?

Anza na daftari, lile la madukani la bei rahisi. Wiki nzima kila moyo ukianza kwenda mbio au ukijikuta umemfokea mtoto kwa kitu kidogo, andika saa ngapi na kilikuwa nini. Usiandike insha, maneno matatu yanatosha. Mi nilidhani tatizo langu ni kazi nyingi, nilipofungua daftari Jumapili nikakuta kazi imetokea mara mbili tu, zilizobaki zote ni hela na simu. Yaani nilikuwa napambana na kitu ambacho sicho.

Basi tuanze na hela maana hapo ndo kwenye shina. Nilichukua ule mkopo wa kausha damu, laki mbili, wakakata elfu kumi ya fomu nikabaki na laki na tisini mkononi, marejesho elfu kumi kila siku kwa siku 26. Piga hesabu, unarudisha laki mbili na sitini, yaani elfu sabini imeenda ndani ya mwezi usiotimia. Af angalia upande wa biashara, mi kwenye sambusa moja faida yangu ni kama shilingi 150, kwahiyo sambusa 67 za kwanza kila siku sio zangu, nazikaanga za mtu mwingine, mvua inyeshe mtoto augue lazima zitoke. Hapo hata ukinywa chai ya mchaichai ndoo nzima hutulii. Nilichofanya, niliuza friji ndogo nikamaliza deni, iliniuma, lakini usiku ule nililala.

Kama unahitaji mtaji, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako uulizie mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Haina riba. Inataka mjiunge kikundi, ina makaratasi na vikao na inachukua muda, mtachoka kidogo, ila hakuna mtu atakayekuja kusimama mlangoni kwako saa moja asubuhi mbele ya wanao. Kikoba pia kizuri kama watu wake unawajua tabia. Kama huwajui, kaa mbali.

Kingine kwenye hela, tenganisha laini. Moja ya biashara, moja ya nyumbani. Kila jioni hamisha kiasi kilekile cha matumizi ya nyumbani, hata kama ni elfu saba, kinachobaki kwenye ile nyingine ni cha unga, mafuta, nyama na gesi, usikiguse hata kwa luku. Ukichanganya unakuwa na hela mkononi lakini hujui kama ni yako au ya nyama ya kesho, na ile hali ya kutojua ndo inakukosesha usingizi kuliko hata kukosa hela yenyewe. Af mtungi wa pili wa gesi, hata ule mdogo, ununue kabla ya kapeti!

Halafu sisi wa Dodoma tujue kalenda yetu. Bunge la bajeti linaanza mwezi wa nne mpaka mwishoni mwa wa sita, mji unajaa, oda zinakimbizana, likiisha wageni wanaondoka na vikao vinapungua. Vikao vingine vya Bunge ni vifupi. Chuoni nako wakifunga, kule juu UDOM kunapoa. Zamani kila mwezi wa saba nilikuwa nadhani nimelogwa, kumbe ni msimu tu, na upepo wa huo mwezi nao na vumbi lake hata ukiuza barabarani wateja wanapita wamejifunika khanga. Sasa hivi kwenye miezi ya kujaa natenga elfu tatu kila siku ya kazi kwa ajili ya miezi ya ukame, nikifika Januari na ada na madaftari angalau kuna kitu. Na mwezi wa kujaa siongezi oda kwa tamaa. Sambusa 200 kwa siku ndo mwisho wangu, ya 201 namwelekeza mama mwenzangu wa Chang'ombe, naye akizidiwa ananiletea mimi.

Simu. Wateja sio wabaya, sisi ndo tumewazoesha, mtu anatuma voisi saa tano usiku anauliza bei ya chapati na we unajibu huku unanyonyesha. Mi naandika kwenye status, oda zinapokelewa saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na nikaweka WhatsApp ya biashara ile inayojijibu yenyewe ukiwa haupo. Nilipoteza mteja mmoja, alinuna. Waliobaki walizoea ndani ya wiki mbili. Simu usiku inalala kwenye kabati la vyombo, kengele nimenunua saa ya mezani.

Dada wa kazi, mlipe tarehe ileile kila mwezi hata kama biashara imelala, na mpe siku ya kupumzika. Wa kwangu aliondoka sababu nilimchelewesha mara tatu, sina wa kumlaumu. Pia kuwa na mpango wa pili, mi nimekubaliana na jirani, akizidiwa ananiachia wake wawili, nikizidiwa namwachia wangu, na hatudaiani.

Na mzee wa nyumbani usimwambie siku umefura. Mi nilisubiri ametulia amekula, nikamwonyesha lile daftari. Aliguna tu. Ila akiwa yupo, asubuhi ya shule ya mkubwa ni yake, soksi zote mbili.

Mwili nao. Kula kabla hujaanza kukaanga, wapishi ndo tunashinda na njaa kuliko wote, uji wa uwele au ulezi kikombe kimoja kikubwa unakufikisha saa nne. Ukizidiwa ghafla, mafuta yako motoni na kila mtu anakuita, zima jiko kwanza, toka nje, vuta pumzi ukihesabu mpaka nne, itoe taratibu mpaka sita, mara kumi. Ile kutoa ndefu ndo inayopunguza mapigo ya moyo, usiikimbize.

Ila kuna kiwango ambacho daftari halitoshi. Kama wiki mbili zimepita hulali hata mtoto akilala, hakuna kinachokufurahisha, unalia bila sababu, hasa kama umejifungua karibuni, nenda kituo cha afya useme hivyohivyo bila kupunguza. Na ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri kesho, mwite mtu akae na wewe na muende hospitali saa hiyohiyo. Hapa mjini tunataniana sana, ooh we utapelekwa Mirembe, ile hospitali yetu ya afya ya akili, sasa utani huo umewaogopesha wengi. Ni hospitali kama nyingine, watu wanaenda wanaonana na daktari wanarudi nyumbani kupika. Shoga yangu mmoja nilimsindikiza, tukakaa kwenye benchi, akaingia akatoka, tukapitia Majengo kununua nyanya.

Haya unga umeumuka, kitambaa kishavutwa, sukari yote iko chini.