Kwenda kwa wakwe kijijini Java: ushauri wa mama muuza mchele wa Tandale

Binti yangu ameolewa Klaten, kwenye vijiji vya mpunga kati ya miji ya Yogyakarta na Solo, kisiwa cha Java, Indonesia. Mimi nauza mchele Tandale. Nimekwenda kwake mara mbili, na kila nikirudi wazazi wenzangu wananiuliza nauli, visa na zawadi. Hayo nitayasema. Lakini la kwanza ni hili: usitume pesa ya shamba kabla hujaenda ukakaa nao, ukaelewa ardhi yao inamilikiwaje.

Sisi wa Dar tumezoea. Ukipata akiba unatafuta eka yako Mkuranga au Kisarawe, mnaandikishana mbele ya viongozi wa kijiji, mashahidi wanatia saini, basi. Nami nilitaka binti yangu awe na sawah yake, ndivyo wanavyoliita shamba la mpunga wa maji. Dalali mmoja wa huko akamwambia ugeni wake si tatizo: hati iandikwe jina la jirani, halafu pembeni waandikiane karatasi kwamba mwenye mali ni yeye. Nilikuwa nimeshapanga foleni benki, fomu mkononi, binti akapiga simu: "Mama, usitume kwanza. Baba mkwe anasema twende kwa notaris tukaulize." Notaris ni ofisa anayeandika na kuthibitisha mikataba. Simu ile iliniokolea akiba ya miaka.

Umiliki kamili wa ardhi kule unaitwa Hak Milik, na sheria yao ya ardhi, namba 5 ya mwaka 1960, inaupa raia peke yake. Ukijificha nyuma ya jina la raia, mauziano ni batili, ardhi inaangukia serikalini, na pesa uliyokwisha kulipa huwezi kuidai. Nilimwomba binti anisomee kipengele hicho mara mbili. Sikuwaona wabaya, maana hata kwetu Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Na kule zaidi ya watu milioni 150 wanaishi kwenye kisiwa ambacho Tanzania inakizidi ukubwa zaidi ya mara saba. Wakulima wengi hawafikishi hata nusu hekta.

Utasema, basi anunue mume, si ni raia? Angalia hapo. Mali iliyopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili, kwa hiyo mke mgeni anahesabika ana sehemu yake kwenye ardhi, na mume naye anakwama. Njia iliyo halali ni mkataba wa kutenganisha mali. Zamani ulifanywa kabla ya ndoa tu. Mahakama ya Katiba yao iliamua mwaka 2016 kwamba hata waliokwisha kuoana wanaweza kuufanya. Mtoto wako akikwambia wamefunga ndoa bila mkataba, msikate tamaa, waende kwa notaris. Na mgeni akirithi ardhi ya Hak Milik, ana mwaka 1 wa kuihamishia kwa raia. Mwaka ukipita, haki inapotea.

Jambo jingine ambalo sisi hatulijui kabisa ni kwamba mwenye shamba la kilimo anatakiwa aishi kwenye kecamatan lilipo shamba, yaani kama tarafa. Anayeishi nje ya hapo anapewa miezi 6 ahamie au alihamishie kwa mtu wa hapo. Kwa hiyo ule mtindo wetu wa kukaa Sinza na kulima Rufiji kwa simu, kule sheria haiutaki.

Karatasi nazo zitazame. Utaonyeshwa girik, au utaambiwa shamba limo kwenye Letter C, daftari la ofisi ya kijiji. Hizo ni kumbukumbu za kodi, si hati ya umiliki. Hati inaitwa sertifikat, inatoka ofisi ya ardhi, na mauziano yanafanywa mbele ya ofisa wa hati za ardhi anayeitwa PPAT. Mambo ya pembeni yakatae.

Sisi tulifanya hivi: wale watoto wakaandika mkataba wao wa mali, na pesa yangu ikajenga jiko jipya na kuezeka upya paa la nyuma. Shamba la baba mkwe linalimwa na jirani kwa maro, mavuno nusu kwa nusu, na mchele wanaokula unatoka humo. Nimeridhika.

Safari sasa. Visa anzia ubalozi wa Indonesia, upo hapa hapa Dar, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache. Mimi nilipitia Doha hadi Jakarta. Saa zao ziko mbele yetu kwa 4. Jakarta panda treni kwenda Yogyakarta, mwendo wa saa 6 hadi 8. Za daraja la juu huondokea kituo cha Gambir, nyingi za bei nafuu kituo cha Pasar Senen. Jina kwenye tiketi lilingane na la pasipoti. Yogyakarta kuna treni ya abiria ya kwenda Solo inayosimama Klaten, rupia 8,000 tu. Kituoni chukua ojek, ndiyo bodaboda yao, na wanaendesha kushoto kama sisi. Usisafiri siku za kuelekea Idd, maana nchi nzima inarudi vijijini na tiketi zinakwisha mapema.

Ukifika, siku hiyo hiyo mwambie mkweo akupeleke kwa Pak RT na pasipoti yako. Huyu ni kama mjumbe wetu wa nyumba kumi. Vibao vimeandikwa wazi kwamba mgeni anayelala lazima aripotiwe ndani ya saa 24.

Adabu ndiyo itakayokupa nafasi kwao. Mlangoni usiseme kitu kingine, sema "kulo nuwun," ndiyo hodi yao. Watakujibu "monggo," karibu. Ukipita mbele ya wazee waliokaa, inama, mkono wa kulia uushushe mbele yako, useme "nuwun sewu." Bibi na babu waite Mbah, mwanamke mzima Bu, mwanamume Pak. Wana lugha nzima ya heshima kwa wakubwa, kwa hiyo sisi tuliolelewa na shikamoo hatusumbuki kuwaelewa. Maneno mengine utayakuta ni ndugu zetu: bendera ni bendera, nanasi ni nanas, habari ni kabar, dunia ni dunia. Bafuni kuna birika kubwa la maji na kata yake. Chota ujimwagie, usiingie ndani ya birika.

Jirani akiwa na shughuli, wanawake wanakwenda rewang, kusaidia kupika. Nenda, hata kama kazi yako itakuwa kumenya vitunguu tu. Mimi nilikaa na akina mama siku nzima tukifunga vyakula kwenye majani ya migomba, na kesho yake kila niliyepishana naye njiani alinisalimu.

Kwenye nguzo ya baraza utaona kikopo kidogo kimening'inizwa. Jioni kinatiwa mchele, unaitwa jimpitan, na usiku walinzi wa zamu wanapita na tochi wakikusanya nyumba hadi nyumba kwa ajili ya mfuko wa kijiji. Siku hizi wengine wanaweka sarafu. Jioni moja mama mkwe wa binti yangu alinipa kazi hiyo. Mimi na moyo wangu wa Tandale nikakijaza mpaka juu. Akanishika kiganja taratibu, akarudisha mchele guniani kwa vidole vitatu, ukabaki wa kufunika kitako cha kikopo. Akaonyesha kikopo cha jirani, kisha cha pili yake. Vyote vilikuwa kiasi kile kile.

Zawadi beba khanga na kahawa. Mama mkwe alichukua khanga mbili, moja akaivaa siku hiyo hiyo. Na asubuhi ya kuondoka pita tena kwa Pak RT uage, ajue mgeni wake ametoka salama.