SOMO: Mwenye nyumba anaingia kwako bila hodi? Fanya hivi, hatua kwa hatua

Wadau habari zenu. Leo naongelea ile tabia ya mwenye nyumba kubaki na funguo ya spea na kuitumia anavyojisikia. Umerudi kazini unakuta kiti kimehama na taa ya bafuni inawaka, ukiuliza unaambiwa "nilipita kucheki bomba". Au Jumapili asubuhi uko na taulo, dalali anasukuma mlango ana wateja nyuma yake anawaonyesha, "na huku ndo jikoni". Wengi tunakausha tu maana tukifungua mdomo jibu tunalijua, hutaki hama.

Naongelea Tanzania bara hapa, Zanzibar wana sheria zao za ardhi.

Kwanza sheria kidogo halafu tuingie kwenye vitendo. Nyumba ni yake, hilo halina ubishi, lakini kwa muda uliolipia anayekaa humo ni wewe na sheria inamlinda anayekaa. Katiba ibara ya 16 inampa kila mtu heshima na hifadhi ya maskani yake, na haijasema maskani ya kujenga tu, hata ya kupanga. Sheria ya Ardhi ya 1999 kifungu cha 88 inamwekea mwenye nyumba sharti kwamba mpangaji anayelipa kodi na kufuata masharti akae kwa amani bila kusumbuliwa na yeye wala mtu aliyemtuma, na sharti hili lipo hata kama mkataba wenu haujaliandika. Halafu kuna Kanuni ya Adhabu kifungu cha 299, kuingia kwenye mali iliyo mikononi mwa mtu mwingine kwa nia ya kutenda kosa au kumtisha, kumtukana au kumuudhi ni jinai. Imesema iliyo mikononi mwake, haijasema yenye hati ya jina lake, kwa hiyo hata mwenye nyumba anaweza kushtakiwa kwa kifungu hicho. Zamani kulikuwa na sheria ya udhibiti wa kodi ya 1984 ila ilifutwa mwaka 2005, akija mtu anakutajia hiyo jua amepitwa.

Sasa usibebe hivyo vifungu ukaenda kumfokea mzee wa watu. Ana haki ya kuja kukagua nyumba yake na kuleta fundi kwa saa za kueleweka, na mpangaji anayemzuia fundi halafu dari likaanguka asitegemee huruma ya baraza la ardhi. Ugomvi uko kwenye lini, saa ngapi, na kwa taarifa gani.

HATUA YA 1: Mkataba, kabla hela haijatoka mfukoni

Hapa ndo penye kila kitu. Ile mikataba ya steshenari, karatasi moja mbele na nyuma, mingi ina mstari unasema mwenye nyumba anaweza kukagua nyumba "wakati wowote". Watu wanasaini bila kusoma maana dalali amesimama pale anasema kuna mwingine anakitaka hicho chumba na yuko njiani na hela. Chukua kalamu, kata hayo maneno mawili, wote mtie saini pembeni ya mlipokata. Halafu andika hivi au kinachofanana:

"Mwenye nyumba au fundi wake ataingia ndani kukagua au kutengeneza baada ya kumjulisha mpangaji kwa simu au meseji angalau saa 24 kabla, kati ya saa 3 asubuhi na saa 12 jioni, mpangaji au mtu aliyemchagua akiwepo. Ikitokea dharura ya moto, maji au umeme ataingia bila taarifa, akiwa na shahidi, na mpangaji atajulishwa hapohapo."

Hizo saa 24 ni za kwenu nyie mkikubaliana, mnaweza kuweka siku mbili. Usiogope kuomba, wengi wanakubali kwa sababu wakati huo wanataka kodi ya miezi sita, ukishalipa ndo huna tena cha kubadilishana. Na ukiweza mkataba ulipiwe ushuru wa stempu TRA, maana usiolipiwa unaweza kukusumbua ukiupeleka kama ushahidi.

HATUA YA 2: Funguo

Siku ya kukabidhiwa uliza funguo ziko ngapi na nani anazo. Usiulize kwa ukali, uliza kama unavyouliza Luku. Mpangaji aliyehama huenda bado anayo yake, shamba boi anayo, fundi rangi alipewa hakurudisha. Idadi iandikwe kwenye mkataba.

Kubadilisha kitasa watu wanaogopa wakidhani ni lazima ung'oe mlango. Mara nyingi ni ile silinda ya katikati tu, inashikiliwa na skrubu moja ndefu upande wa ubavu wa mlango, fundi anatoa anaweka nyingine kitasa kinabaki kilekile. Ila omba ruhusa kwa meseji kwanza, subiri ajibu, na ile silinda ya zamani iweke kwenye mfuko na funguo zake, siku unahama unairudisha. Ukitupa utalipishwa na atakuwa na haki.

Akikataa kabisa, anataka lazima awe na spea kwa ajili ya dharura, sawa, mpe. Iweke kwenye bahasha, gundi, wote wawili mtie saini juu ya mdomo wa bahasha, piga picha, akae nayo. Siku ukisikia aliingia unaomba uione bahasha. Hii njia naipenda kuliko zote kwa sababu haimnyimi kitu, inachoondoa ni ile "nilipita tu". Na komeo la ndani weka, hilo ni la kukulinda ukiwa umelala.

HATUA YA 3: Ameingia. Unafanyaje?

Usianze na mwanasheria. Mtafute muongee, tena uso kwa uso, halafu jioni mtumie meseji ya kukumbushia mlichoongea. Meseji ndo inabaki. Mfano:

"Shikamoo mzee. Asante kwa maongezi ya leo. Kama tulivyokubaliana, ukihitaji kuingia ndani naomba unijulishe siku moja kabla nipange niwepo. Juzi Jumanne nilikuta mlango umefunguliwa nikiwa kazini. Kuhusu bomba, fundi anaweza kuja Jumamosi asubuhi nitakuwepo."

Imetaja siku, imetaja tukio, haijatukana, na imempa nafasi ya kuleta fundi. Akijibu "sawa" tu, hiyo "sawa" itunze.

HATUA YA 4: Kikijirudia

Daftari. Tarehe, saa, kilichotokea, nani aliona. Piga picha, piga skrinishoti za meseji uzihifadhi na kwenye emaili maana simu zinaibiwa. Halafu nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, awaite mkae. Mengi yanaishia hapo kwa sababu mwenye nyumba hapendi kuitwa mbele ya majirani zake kwa jambo la kuingia chumbani kwa mtu.

Isipoisha, Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza la kata halitoi hukumu kwenye mambo haya, linasuluhisha tu, na lina siku 30. Likishindwa ndo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, huko unaweza kuomba zuio, yaani amri ya kumkataza asiingie, na fidia. Polisi nenda moja kwa moja kama kuna kitu kimeibiwa, kutishiwa, au mtu anaingia usiku ukiwa umelala. Huna hela ya wakili? LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) wanatoa msaada wa kisheria bure, na akina dada kuna TAWLA, chama cha wanasheria wanawake.

Ishu ya dalali ni fupi. Kuonyesha chumba wakati notisi inaisha ni kawaida, mpangieni siku na saa, na asilete mtu kama haupo. Vitu vyako vimo ndani, na anaowaleta hata yeye hawajui.

MASWALI YENU

Mdau wa Mbagala: Mkuu mimi sina mkataba wowote, nalipa kila mwezi kwa M-Pesa tumeelewana mdomo tu. Nina haki gani?

Unazo hizohizo. Mlichoelewana kwa mdomo nacho ni mkataba, tatizo lake ni ushahidi, na zile meseji za M-Pesa zinaonyesha unamlipa nani na tangu lini. Endelea kulipa kwa simu usimpe keshi mkononi, na zile meseji usifute.

Anonimasi: Nadaiwa kodi miezi miwili, leo nimekuta kaweka kufuli lake juu ya langu na vitu vyangu vimo. Naweza kuvunja?

Usivunje, utageuziwa kesi. Kwa ukweli kudaiwa kunakupunguzia nguvu, ile hifadhi ya kifungu cha 88 imeandikwa kwa mpangaji anayelipa. Lakini deni lina njia yake, ni notisi halafu baraza, sio kufuli. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa sasa hivi, mwende naye, peleka na maandishi ya lini utalipa na kiasi gani. Na hesabu ya vitu vilivyomo ndani iandikwe mbele yake.

Mwenye nyumba Tegeta: Mnatuongelea sisi tu. Mpangaji wangu kasafiri, maji yanatoka chini ya mlango wake, simu haipatikani. Nisiingie?

Ingia mzee, hiyo ni dharura. Mchukue mjumbe au jirani, rekodi video tangu unafungua mlango mpaka unafunga, funga koki, toka, mtumie video na meseji. Usianze kukunja nguo zake wala kuangalia ana friji ya aina gani.

Dada wa Sinza: Kafunga kamera kwenye korido, inatazama mlango wangu, nikifungua inaona mpaka kitandani. Anasema ni ya usalama.

Ya getini au uwani inaeleweka, inayoona kitandani haieleweki. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika 2023, na picha yako ni taarifa yako. Mwombe kwa meseji aigeuze, mtumie na picha uliyopiga kutoka kitandani kwako ikionyesha kamera. Akigoma, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko.

Msomaji wa Nairobi: Huku kwetu je? Msimamizi wa ploti anabeba vitu vya watu wakichelewesha rent.

Katiba yenu ya 2010 ibara ya 31 iko wazi kuliko yetu, imetaja kabisa nyumba kutopekuliwa na mali kutochukuliwa. Na vitu kwa ajili ya deni la kodi havichukuliwi na msimamizi tu, anatakiwa dalali wa mnada mwenye leseni. Mwambie akuonyeshe leseni.

Mama Junior: Mwalimu, mama mwenye nyumba tunakaa naye geti moja, ni kama mama yangu, anaingia mpaka jikoni anafunua masufuria. Nikimpa bahasha ya kusaini si atanuna?

Atanuna, ndiyo. Huyo bahasha muache, weka komeo la ndani na ukiwepo lifunge, akigonga itika "karibu mama, nakuja". Akizoea kugonga wiki chache hiyo kesi yako imeisha, ukitoka ndo funga na kufuli.