Jinsi ya kujua nani hasa anapanga bei ya samaki wako

Ukiuliza pale ufuoni Malindi mbona nguru leo bei iko chini, utaambiwa soko ndo liko hivyo. Uchumi wa darasani nao unasema hivyo hivyo, wauzaji wengi wanunuzi wengi, bei inajipanga yenyewe. Kuna wachumi wasioufuata huo mkondo, wao swali lao la kwanza ni nani ana nguvu ya kupanga, na hilo unaweza kulichunguza mwenyewe.

Anza na wanunuzi. Usihesabu mizani, hesabu pesa inatoka wapi, maana unaweza kukuta vijana watano wananunua na wote wametumwa na tajiri mmoja, sasa hapo mnunuzi si ni mmoja tu? Mwaka 1933 mchumi Joan Robinson wa Cambridge aliiita hali hii monopsoni, yeye hasa akifikiria waajiri na mishahara.

Halafu fuata deni, na hapa usiwe na haraka. Nani katoa pesa ya nyavu, petroli ya alfajiri kaweka nani, friza na barafu ni za nani? Mkataba wa karatasi hakuna, ni mdomo tu, lakini ukishachukua advansi samaki wote wampelekea yeye kwa bei yake, na saa sita jua kali samaki hawezi kungoja, tajiri aweza. Tafuta mvuvi asiyedaiwa, siku hiyo hiyo, samaki aina ile ile, mlinganishe bei ya kilo. Ile tofauti ndo riba unayolipa, hata kama hakuna aliyetaja riba.

Kisha ngoja kusi, msimu wa upepo mkali. Boti nyingi hazitoki, samaki wachache, bei ingepaswa kupanda. Andika kwa daftari kila wiki bei ya ufuoni na ile hoteli inayolipa, kama ya hoteli yapanda na yako imeganda, ushapata jibu. Mchumi Gardiner Means alionyesha kitu cha aina hii Marekani mwaka 1935, kwamba mwenye nguvu ya kupanga bei yake haifuati soko: kwenye mdororo wa 1929 hadi 1933 bei za mazao ya wakulima zilianguka karibu asilimia 63, lakini viwanda vya zana za kilimo vilishusha bei kama asilimia 6 tu, vikaamua kupunguza uzalishaji asilimia 80, na ukipunguza hivyo watu wanarudi nyumbani bila kazi.

Sasa la kufanya. Kikundi kikiwa na barafu yake, hata friza moja kuukuu, mtasikizwa haraka kuliko kupiga kelele za bei. Na mnunuzi akiwa ni kampuni kubwa, Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010, pamoja na marekebisho ya 2019, inakataza kukucheleweshea malipo bila sababu ya maana au kukusukumia gharama zake, malalamiko unapeleka Mamlaka ya Ushindani. Nenda na daftari lako: tarehe, kilo, bei, na nani alinunua.