Vifaranga wanapiga kelele ndani: anza na joto

Mlio mkali usiokatika mara nyingi ni baridi. Usikimbilie dawa, tazama walivyokaa. Wakirundikana chini ya taa ya joto, ishushe kidogo: wiki ya kwanza wanahitaji nyuzijoto 32 hadi 35 usawa wa migongo yao, kisha punguza nyuzi 3 kila wiki. Wakijibana upande mmoja, kuna upepo unapenya, ziba. Joto likizidi, vifaranga hutawanyika hadi ukutani, midomo wazi, na huwa kimya zaidi.

Joto likiwa sawa na kelele haziishi, kagua maji na chakula. Anayelia peke yake mshike, umtazame nyuma: kinyesi kilichoganda huziba njia. Kilainishe kwa maji ya uvuguvugu; ukikibandua kikavu utamchuna ngozi. Mkaushe kabla ya kumrudisha.